Hiari ya Joto: Uchambuzi wa Nyumba ya Nyoka katika Nyanda za Kitengela na Kajiado

Mtu amfungiaye ng'ombe zizini humkatia njia ya malisho na ya maji, na kwa kufanya hivyo hujitwika wajibu wa kumpelekea yote mawili mahali alipo. Lakini mtu amfungiaye nyoka kizimbani humkatia pia njia ya kitu cha tatu ambacho ng'ombe hutembea nacho mwilini mwake, nacho ni joto. Ng'ombe hujifanyia joto lake kwa chakula alichokula, na usiku wa baridi akilala nje hupambazukiwa na damu yenye uvuguvugu ule ule wa jana. Ilhali nyoka hana ndani yake cha kumtosha kwa kazi hiyo, na joto lote alitumialo kwa kutembea, kuwinda, kusaga chakula tumboni, kuzaa na kupambana na maradhi hulitafuta nje, katika jua, katika jiwe lililoshika jua, katika mchanga na katika mashimo ya ardhini. Kwa hiyo suala la kumjengea nyoka nyumba na kuipasha joto nyumba hiyo, ambalo kwa asiyelizingatia laweza kuonekana kuwa ni shughuli ndogo ya mafundi, kwa hakika ni suala la uhai wake mzima.

Nia ya makala haya ni kulichunguza suala hilo kama linavyowakabili watu wa Kitengela na wa Kajiado kwa jumla: wenye leseni ya kutunza nyoka, walimu wapendao kuwafundisha wanafunzi elimu ya viumbe, watafiti, na vijana wengi ambao wameona katika simu zao vizimba vya kioo vya watu wa Marekani na Ulaya, ndani yake amelala nyoka aliyetoka nchi yetu, wakatamani kufanya vivyo hivyo. Na neno nitakalolishikilia toka mwanzo hadi mwisho ni kwamba kimstahilicho nyoka si joto jingi, wala si joto la kipimo kimoja alilolikadiria mfugaji kwa rai yake, bali ni hiari ya kulisogelea na kulikimbia joto kila saa kadiri mwili wake unavyotaka. Na asiyeweza kumpa hiari hiyo hana haki ya kumweka, hata awe na mapenzi ya namna gani.

Wako wadhanio kwamba maneno haya yanawahusu watu wa nchi za theluji, na kwamba katika nchi iliyopitiwa na Ikweta nyoka hahitaji taa wala mkeka wa umeme. Dhana hiyo haisimami mbele ya hali ya Kajiado yenyewe. Kaunti hii huanzia katika bonde la Magadi, lililo kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari, ambako adhuhuri joto mara kwa mara hupita nyuzi 35 za Selsiasi na magadi humeta kwa weupe usiotazamika, ikapanda hadi vilele vya Ngong, mita 2,460, ambako ukungu na upepo humfanya mchungaji ajitande shuka mbili. Na mambo hayo mawili yametengwa na umbali usiofika kilomita 100. Kitengela iko kati, juu ya uwanda wa Athi na Kaputiei, mita zaidi ya 1,500, na mji wa Kajiado uko juu zaidi yake. Mwezi Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jua kwa siku nyingi mfululizo, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi karibu na nyuzi 12, pengine chini yake. Na kwa kuwa nyumba zetu za mawe na mabati hazikujengwa kwa kuhifadhi joto, chumba kilichokuwa na nyuzi 24 alasiri aghalabu huamkia chini ya nyuzi 18. Binadamu huongeza blanketi. Nyoka aliye ndani ya sanduku tupu hana la kuongeza.

Hapa huzuka swali lenye mantiki: mbona nyoka wamo porini Kitengela tangu zama na zama, na hakuna aliyewawekea taa? Jibu ni kwamba wa porini hakuachwa na sanduku. Ameachwa na nchi nzima. Jiwe jeusi lililochomwa na jua mchana kutwa hubaki na uvuguvugu hadi usiku wa kati. Shimo la panya lenye kina cha mkono halijui tofauti kubwa baina ya adhuhuri na alfajiri. Kichuguu kina hali yake, na chini ya gogo kuna hali yake nyingine. Na nyoka huhama kutoka hali moja hadi nyingine bila kumwomba mtu ruhusa, na wakati wa baridi hujificha asionekane kwa majuma. Kizimba humnyang'anya mashimo, mawe na majuma hayo yote, kikamwachia joto moja tu, lile la chumba. Basi njia iliyo fupi ya kukielewa kizimba chema ni kukiona kuwa ni Kajiado iliyofupishwa: upande mmoja uwe Magadi yake, upande wa pili uwe Ngong yake, na kati yake uwepo uwanda ambao mwenyeji huupita mwenyewe kwa hiari yake.

Kabla ya mbao kukatwa, hata hivyo, iko sheria, na mtu mwenye insafu huanzia hapo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na leo mambo ya wanyamapori huongozwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo kwayo mtu hana ruhusa ya kumkamata nyoka wa porini, kumweka nyumbani au kumwuza, pasipo leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Fauka ya hayo, chatu wetu na nyoka wa mchanga wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na kwa hiyo biashara yao kuvuka mipaka ina masharti yake. Wengine huiona sheria hii kuwa ni kizuizi cha elimu. Mimi naiona kuwa ni sehemu ya elimu yenyewe, kwa sababu humlazimisha mtu aonyeshe mahali, vifaa na maarifa kabla hajamshika kiumbe, ilhali tamaa hutanguliza kiumbe kisha ikatafuta sanduku. Kijana wa Kitengela asiye na leseni, ambaye amemwona chatu mchanga katika shamba la nyanya, kazi yake ni kumwita mwenye idhini, wala si kumtia katika ndoo.

Sheria ya serikali si ya kwanza kumwekea nyoka heshima katika nyanda hizi. A. C. Hollis, katika kitabu chake The Masai kilichochapishwa mwaka 1905, aliandika kwamba Wamaasai waliamini kuwa roho ya mganga mkuu au ya tajiri, baada ya maziko, hugeuka nyoka aendaye kuwalinda watoto wake bomani. Kwa hiyo nyoka wa namna hiyo hakuuawa, na mwanamke aliyemkuta nyumbani alimmwagia maziwa kidogo chini ayaonje, kisha nyoka akajiendea. Mtu anaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa, lakini matokeo yake hayakataliki: palikuwa na adabu ya kumwacha nyoka apite. Adabu hiyo imepungua pindi mji ulipokua, malisho yakagawanywa viwanja, nguzo na nyaya zikasimama mahali pa nyumbu, na takataka zikawavuta panya ambao nao waliwavuta nyoka milangoni. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; lakini siku hizi wengi hushtuka wasiopata kuumwa, na rungu hutangulia swali. Hapo ndipo kizimba kizuri, kilichopo mahali pa halali, huwa na kazi ya maana: humwonyesha mtoto nyoka mzima, mtulivu, mwenye siha, badala ya maiti iliyopondwa kichwa barabarani. Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961 kando ya jumba la makumbusho, imefanya kazi hiyo kwa vizazi vya wanafunzi.

Tukija kwa mnyama mwenyewe, mfano ulio bora kwa uchambuzi wetu ni nyoka wa mchanga wa Kenya, ambaye wataalamu humwita Eryx colubrinus. Linnaeus alimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1758 kutokana na mfano wa Misri, na aina ya kwetu ikapewa mwaka 1932 jina la Arthur Loveridge, mtaalamu aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuhudumu katika makumbusho kabla ya kuhamia Harvard. Ni nyoka mnene, mfupi, asiye na sumu, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na hudhurungi. Dume aghalabu hufikia kiasi cha sentimita 40, na jike huweza kupita 70. Hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha chini ya mchanga, macho tu yakichungulia, akimngoja panya apite. Nchi yake ni ile kavu na ya joto ya kaskazini na mashariki ya Kenya. Huyu ndiye ambaye jina la nchi yetu limeandikwa katika vizimba vingi vya Marekani na Ulaya, ambako amezalishwa kwa vizazi hata akatolewa kwa rangi zisizoonekana porini. Na ni jambo la kutia uchungu kwamba maarifa ya kumtunza yameandikwa sana kwa lugha za mbali, ilhali Waswahili wasomao kwa lugha yao hawana cha kushika.

Maarifa hayo yana asili inayojulikana. Mwaka 1944 Raymond Cowles, aliyezaliwa Natal katika kusini ya Afrika, pamoja na Charles Bogert, walichapisha uchunguzi wao juu ya mahitaji ya joto ya wanyama watambaao wa jangwani, wakathibitisha kwamba viumbe hao hawapokei tu joto lolote liwajialo, bali huutawala ujoto wa miili yao kwa mwenendo: huota jua, hurudi kivulini, huinua mwili juu ya mchanga au huufukia ndani yake, na kwa hila hizo huushika kwa muda mrefu ndani ya mipaka myembamba ajabu. Kabla ya hapo wengi waliwaita wenye damu baridi na wakaridhika na jina. Baada ya hapo ilidhihiri kwamba damu yao ni baridi pale tu walipokosa nafasi ya kuipasha. Hoja yetu yote ya hiari ya joto imesimama juu ya msingi huo.

Na anayemnyima nyoka nafasi hiyo humdhuru kwa njia zisizoonekana upesi. Kazi za mwili ni kazi za kikemia, na kwa kila nyuzi kumi zinazopungua mwendo wake hushuka hata kufikia nusu au chini yake. Nyoka wa mchanga aliyemeza panya huhitaji kulala mahali penye joto ili tumbo lifanye kazi. Akikosa, nyama huoza ndani kabla ya kusagika, naye huitapika baada ya siku mbili tatu, akiwa amepoteza chakula pamoja na maji na nguvu. Kinga ya mwili nayo hudhoofu, na ndipo huja kamasi, kupumua kwa mlio, vidonda vya kinywa, na ngozi inayobambuka vipande vipande badala ya kuvuka nzima. Wafugaji wageni huona nyoka ametulia, hali, hatembei, wakadhani ameridhika. Kumbe ule ni utulivu wa mashine iliyokosa nguvu. Upande wa pili hatari ni ya ghafla zaidi: joto likizidi nyuzi 40 na nyoka asipate pa kukimbilia, mauti huweza kumfika katika muda wa saa chache.

Basi tuijenge nyumba. Kwa dume wa nyoka wa mchanga, kizimba cha sentimita 60 kwa 40 hutosha, na kwa jike sentimita 90 kwa 45. Na kanuni iliyo salama kwa nyoka wengine ni kwamba urefu wa kizimba usipungue urefu wa mwenyeji aliyejinyoosha. Wengi hukimbilia tangi la kioo la samaki kwa kuwa linapendeza, lakini katika baridi ya Kitengela kioo ni mdeni mbaya, maana hupitisha joto mara saba au zaidi kuliko plaiwudi ya unene ule ule. Fundi seremala wa kawaida, akipewa plaiwudi ya milimita 18 kwa pande tano na kioo cha kuteleza kwa upande wa mbele tu, hutengeneza kizimba kinachoshika joto kwa umeme kidogo. Ndani kipakwe vanishi ya maji, kisha kiachwe wazi majuma kadhaa hadi harufu iishe kabisa, kwa sababu mapafu ya nyoka hayastahimili mvuke wa rangi. Matundu ya hewa yawekwe chini upande wa baridi na juu upande wa joto, ili hewa izunguke yenyewe. Na kufuli iwepo, kwani nyoka huyu husukuma kwa kichwa kila upenyo hadi apate ule uliosahauliwa.

Sakafu ina hukumu zake. Udongo mweusi wa Kitengela, ambao mwenye kujenga huko anaujua kwa nyufa zake za kiangazi na utelezi wake wa masika, haufai hata kidogo, maana ukilowa hugandamana na ukikauka huwa vumbi na mabonge. Mchanga wa mto, ambao huchotwa kwa wingi katika mito mikavu ya kaunti hii, hufaa ukichekechwa, ukaoshwa na kukaushwa vizuri juu ya moto. Maranda ya mbao yatumiwayo na wafuga kuku hufaa pia, mradi yasiwe ya mtarakwa wala ya mti mwingine wenye mafuta ya harufu kali, ambayo huwadhuru nyoka. Na maficho yawe mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Maana nyoka ni kiumbe wa hofu, na akiwa na maficho upande mmoja tu atavumilia baridi au moto kuliko kukaa mahali pa wazi, na hivyo ile hiari tuliyomwekea kwa gharama itakuwa imebatilika.

Sasa lije joto lenyewe. Kwa nyoka wa mchanga, mahali pa kuota pawe nyuzi 32 hadi 35, upande wa baridi uwe nyuzi 24 hadi 27, na usiku kizimba kizima kiruhusiwe kushuka hadi kiasi cha nyuzi 22, kwa kuwa hata jangwa hupoa usiku, na mwili wake umezoea mapumziko hayo. Njia za kulipata joto hilo ni tatu zilizo na sifa njema. Ya kwanza ni balbu ya kuangaza itoayo joto, iwekwayo juu na kuzungushiwa wavu ili nyoka asiiguse. Huiga jua, lakini nuru yake haifai usiku. Ya pili ni kichwa cha kauri kinachokazwa katika soketi ya balbu, chenye kutoa joto bila nuru, kinachofaa usiku wa Julai. Ya tatu ni mkeka wa umeme wa kupashia joto, unaotandazwa chini ya theluthi moja ya sakafu.

Katika mkeka huo pana jambo linalowapotosha hata wenye ujuzi. Nyoka anayefukua, porini, huenda chini ili aukimbie moto, kwa kuwa mchanga wa juu huwaka na wa chini hupoa. Lakini mkeka ukiwekwa chini ya sakafu, utaratibu wa maumbile hupinduliwa, na kila anavyofukua kutafuta baridi ndivyo anavyozidi kuukaribia moto. Nyoka hachelei kuungua kama tunavyochelea sisi, kwa sababu tumbo lake halimwonyi upesi, na wengi wamepatikana na ngozi iliyoiva juu ya mkeka walioulalia usiku kucha. Kwa hiyo, kwa mnyama huyu hasa, joto la kutoka juu ndilo lenye akili. Na mwenye kulazimika kutumia mkeka apunguze kina cha mchanga juu yake hadi sentimita mbili au tatu, kisha aupime mahali tumbo linapogusa. Mawe ya umeme yauzwayo kwa kazi hii yaepukwe kabisa kwa sababu hiyo hiyo. Na jiko la mkaa, ambalo katika baridi huonekana kuwa ni njia rahisi, lisiingizwe chumbani hata kwa saa moja: hewa ya kaboni monoksaidi itokayo humo haina rangi wala harufu, na imekwisha kuua watu, sembuse nyoka.

Chombo chochote kati ya hivyo kisiwashwe bila themostati. Huu ndio moyo wa shughuli nzima, na kwa bahati njema si mgeni Kitengela, mji wa wafuga kuku, ambako mafundi wanaounda mashine za kutotolea vifaranga hukifahamu kifaa hicho na kihisio chake, na wameona kwa macho yao yale ambayo nyuzi mbili tu za ziada huyafanya ndani ya yai. Kwa mkeka, themostati ya kuwasha na kuzima hutosha. Kwa balbu ni bora ile ipunguzayo na kuongeza nguvu ya umeme polepole, ili nuru isikatike na kurudi mchana kutwa. Kihisio kifungwe imara mahali pa kuota, maana nyoka akikisogeza hadi upande wa baridi, themostati itadanganyika na kuendelea kupasha bila kikomo. Kisha vipimajoto viwili, kila upande kimoja, vithibitishe. Na kipimajoto cha bastola, cha aina ya kupimia vitu wala si kile cha paji la uso kilichozoeleka milangoni wakati wa Korona, kisomwe juu ya jiwe na mchanga, kwa sababu joto la hewa na joto la ardhi ni mambo mawili. Mkono wa binadamu usitegemewe: wenyewe una nyuzi zaidi ya 30, na kinachouburudisha chaweza kuwa kinamwua mwenyeji wa kizimba kwa baridi. Haya yote yapimwe kwa juma zima kabla nyoka hajaingia.

Kuna jaribio jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilipi uzito, nalo ni umeme unaokatika. Tarehe 25 Agosti 2023, usiku, karibu nchi nzima ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na Desemba mwaka ule ule giza likarudi. Na ukiacha hayo makubwa, kila mtaa una kukatika kwake. Hesabu yake ni nyepesi, na afadhali ifanywe mapema. Mkeka wa wati 20 ukiongozwa na themostati aghalabu hufanya kazi kiasi cha nusu ya muda, yaani hutumia wati-saa 10 kwa kila saa; betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na nusu yake ikitumika ili betri isiharibike, huuendesha mkeka huo kwa zaidi ya siku mbili. Balbu ya wati 100, ikiwashwa saa 12 kwa siku, hutaka wati-saa 1,200 kila siku, na betri ile ile haiwezi kuihudumia hata siku moja bila kuumia. Kwa hiyo mwenye kizimba na awe na vyombo viwili, balbu kwa siku za kawaida na mkeka kwa dharura. Na asiye na betri aweke chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, na ajue kwamba usiku mmoja wa nyuzi 18 hauwaui walio wengi ikiwa tumbo ni tupu, ilhali nyoka aliyeshiba panya jana ndiye aliye hatarini. Ndiyo maana katika miezi ya baridi, mwenye busara hamlishi nyoka siku ambayo hana hakika na joto la kesho.

Juu ya maji na chakula maneno machache yatatosha: bakuli zito la maji liwe upande wa baridi, lisiulowanishe mchanga, kwa kuwa nyoka huyu wa nchi kavu hupenda hewa kavu; aongezewe unyevu kidogo katika maficho anapokaribia kuvua ngozi, na mlo wa panya mmoja wa kadiri yake kwa siku saba hadi kumi na nne, kwa kufuata umri, humtosha.

Ni lazima sasa kuonya dhidi ya kuyachukua makadirio haya kuwa ni ya nyoka wote. Kenya ina moma wa pembe ambaye hapatikani penginepo duniani, Bitis worthingtoni, mkaaji wa nyasi za nyanda za juu kandokando ya Bonde la Ufa, palipo zaidi ya mita 1,500. Na huyo, akiwekewa Magadi ya nyuzi 35 bila baridi ya usiku, hudhoofika kwa ukarimu aliofanyiwa. Mtu asome kwanza nchi ya nyoka, mwinuko wake, mvua zake na usiku wake, ndipo aigeuze elimu hiyo kuwa nyuzi za kipimajoto.

Na juu ya wenye sumu, hukumu yangu haina tafsili: moma, fira, swila na koboko hawana mahali katika nyumba ya mtu, hata kizimba kiwe cha namna gani. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka azma ya kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu wake ifikapo 2030. Dawa ya kuvunja sumu iliyo bora ni ghali na ni adimu, na hospitali iliyo nayo huenda iko mbali na aliyeumwa. Kazi hiyo ina wenyewe: kituo cha utafiti wa nyoka na tiba ya sumu kilichoko Karen katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, na shamba la Bio-Ken huko Watamu, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe pamoja na mkewe Sanda, baada ya yeye kuhudumu katika Bustani ya Nyoka ya Nairobi, na swila mkubwa wa pwani alipotambuliwa mwaka 2007 kuwa ni aina ya pekee alipewa jina la Ashe, Naja ashei.

Imebaki pingamizi iliyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba kumfungia kiumbe asiye na hatia ni dhulma, na hakuna themostati iwezayo kuifuta. Siipuuzi hoja hiyo. Nadhani ni kweli kwa kila nyoka aliyetolewa porini kwa ajili ya kupendezesha macho, na kwa huyo jibu si kizimba kizuri zaidi bali ni kumwacha alipo. Lakini wako waliozaliwa kizimbani, wako waliovunjwa mgongo na jembe au kuunguzwa na moto wa kichaka wasioweza tena kujitafutia, na wako wanaosomesha watu. Na hao tayari wamo mikononi mwetu. Kuwaambia kwamba kifungo ni dhulma, kisha tukawaacha katika sanduku la nyuzi 17, ni kuongeza dhulma juu ya dhulma.

Kwa hiyo mpangilio wa mambo, kwa mtu wa Kitengela au wa Kajiado, uwe huu: leseni itangulie kizimba, kizimba kitangulie joto, joto lithibitishwe kwa juma zima la vipimo mchana na usiku, betri iwepo kabla ya Juni, na nyoka aje mwisho wa yote. Mfugaji aliyetimiza hayo atamwona mwenyeji wake akiota asubuhi, akihama alasiri, akijifukia usiku, na kwa mwenendo huo atajua kwamba vipimo vyake ni sahihi. Na akimwona amekwama upande mmoja kwa siku nyingi, huo ni ushahidi kwamba kizimba kina kosa, na kazi ya kulitafuta kosa hilo ni yake, usiku ule ule. Asiyekuwa na nia ya kuifanya kazi hiyo kwa miaka yote ambayo nyoka ataishi, na wa mchanga huweza kuishi miaka 20 na zaidi, na amheshimu kwa namna iliyo nyepesi na ya zamani kuliko zote, ampishe njia aende zake.